Saa ya Kioo ya Marehemu Wilfred Ormerod

Mchungaji, shemeji Beryl, Gillian, majirani wa mtaa wa Carr, wanachama wa chama cha mazingaombwe mliojaza mistari miwili ya mbele kana kwamba ninyi ndio wafiwa, na ndugu wote mliofika kanisani leo Jumatano, tarehe 27 Novemba 2024, na mvua yote hii, poleni sana. Historia ya marehemu Wilfred Ormerod inasomwa kwa niaba ya familia na mdogo wake wa pekee, Clifford, aliyeiandika kwa mkono wake, na humu ndani atajiita Clifford tu kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu historia ni ya marehemu na si yake. Ila kuna kitu kimoja Clifford alikichukua, akakaa nacho miaka arobaini na moja, na ameapa hakitavuka siku ya leo kikiwa mfukoni mwake, kwa hiyo anaomba radhi mapema kama mambo mawili hayo yatachanganyikana.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 hapa hapa Nelson, Lancashire, katika nyumba namba 14 ya mtaa wa Carr, mtoto wa kwanza wa mzee Herbert Ormerod, fundi wa mitambo ya kufuma, na mama Nellie, mfumaji wa kiwanda hichohicho, na alizaliwa na ratili kumi kamili, habari ambayo mama aliisimulia kila Krismasi mpaka anafariki. Clifford alifuata tarehe 21 Oktoba 1945, na ratili zake hakuna aliyezikumbuka, hata alipouliza. Krismasi ya mwaka 1951 mjomba wao Percy alifika na zawadi mbili, kwa Wilfred sanduku la mazingaombwe lenye vikombe vitatu vya bati, mipira midogo, na kamba inayokatwa kisha ikaungana, na kwa Clifford glovu za sufu. Clifford akauliza, "Mjomba, na mimi je?" naye akajibiwa, "Wewe bado mdogo, utavipoteza." Laiti Wilfred angepoteza hata mpira mmoja, roho ya mdogo wake ingetulia, lakini thubutu, sanduku lile lipo mpaka leo kabatini kwa Beryl, na halijapungua kitu.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1948 hadi 1954, akafaulu ule mtihani wa kuwachuja watoto, akaenda sekondari ya wenye akili na kofia yake yenye nembo, na Clifford alipoufanya mtihani uleule mwaka 1957 alifeli kwa alama ambazo mwalimu hakupenda kuzitaja. Baba alisema tu, "Basi, mmoja anatosha," na kwa hakika hakuwa na nia mbaya, alikuwa amechoka na anavua viatu, lakini yapo maneno ambayo mtu huyameza yakakaa tumboni mpaka uzeeni.

Agosti 1959 marehemu aliingia kiwandani kama mwanagenzi chini ya baba yake, akawa fundi kamili, akatengeneza mitambo ya kufuma mpaka kiwanda kilipofungwa Aprili 1982, na alipoondoka wenzake walimpa mashine kuukuu ya kukerezea vyuma, aliyoifunga kwenye banda la nyuma ya nyumba, kisha kuanzia Septemba 1983 hadi alipostaafu Machi 2008 alikuwa fundi wa karakana ya shule. Clifford yeye alikuwa tarishi wa posta tangu 1961 hadi 1999, miaka thelathini na minane, hakupoteza barua, hakufungua mzigo wa mtu, isipokuwa mara moja, na hiyo tutaifikia.

Marehemu alifunga ndoa na Beryl Hargreaves, mshonaji wa mapazia, tarehe 3 Juni 1967 katika kanisa hili hili. Ukweli usemwe, aliyecheza dansi na Beryl kwanza ni Clifford, tena mara mbili, Beryl anatikisa kichwa lakini ndivyo ilivyokuwa, akaenda kumletea soda, na aliporudi na glasi mbili mkononi alimkuta Wilfred anatoa shilingi sikioni mwa Beryl, na Beryl anacheka kwa namna ambayo hakuwa amecheka katika dansi zote mbili. Clifford alikuwa msimamizi wa harusi hiyo, alishika pete na hakuidondosha, ingawa wazo lilimjia. Ndoa hiyo ilijaliwa mtoto mmoja, Gillian, aliyezaliwa tarehe 12 Februari 1970, mwalimu wa hesabu huko Leeds. Clifford hakuoa, na habari hiyo haihusiki hapa.

Sasa tuje kwenye kile kilichowaleta nusu yenu humu ndani. Tangu mwaka 1964 ndugu hawa wawili walikusanya vifaa vya mazingaombwe vya zamani, vile vya mbao, bati na shaba vilivyotumiwa na mabwana wa majukwaani enzi za babu zao, makasha yenye sakafu mbili, makopo ya kahawa yanayogeuza maharagwe kuwa kahawa ya moto, mikono ya mbao inayogonga meza kujibu maswali, na kila Februari walipanda treni pamoja kwenda Blackpool kwenye mkutano mkuu wa wanamazingaombwe, wakavizia meza za wauzaji, na kila Februari Wilfred alirudi na kitu na Clifford akarudi na mafua. Wilfred alikuwa na kipaji cha mkono. Aliweza kuingiza kidole ndani ya kopo la bati na kukuambia limetengenezwa mji gani. Clifford alisoma vitabu vyote, alijua miaka, alijua mafundi, alijua alama za chini ya vitako, lakini mwaka 1974 alipopata kopo lake la kwanza la maana, jekundu lenye maua ya dhahabu, la miaka ya 1890, alilisugua kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka likang'aa kama jipya, akalipeleka chamani kifua mbele, na mzee mmoja akavua kofia kabisa kama yuko msibani, maana kwa watu hawa rangi ya awali, hata ikiwa imebanduka nusu, ndiyo kitu chenyewe. Hakuna aliyecheka. Wilfred alimshika bega akasema, "Si kitu, mdogo wangu, limependeza," na hilo bega mpaka leo linawasha.

Tarehe 30 Mei 1982 alifariki mzee Joshua Tattersall, bwana wa majukwaani wa mwisho mjini hapa, akamwacha mjane wake, Edith, pamoja na saa ya kioo. Kwa msioijua, ni duara la kioo kitupu, upana wa sinia, limechorwa namba kumi na mbili kwa dhahabu, katikati lina mshale mmoja wa shaba, halina mashine, halina uzi, unaona mpaka upande wa pili, na mtu yeyote akitaja saa yoyote, mshale unazungushwa kwa kidole, unazunguka, unapunguza mwendo, unasimama palepale alipotaja. Clifford aliitaka saa hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, ukiondoa kimoja ambacho tayari kilikuwa kimeolewa.

Chama kina mila yake, kwamba mwenzetu akifariki, mwanachama haruhusiwi kumwuliza mjane habari za vifaa mpaka mwaka utimie, na Clifford aliishika mila hiyo kwa meno, ingawa nyumba ya Bi Edith ilikuwa katika njia yake ya kugawa barua na alibisha hodi pale siku sita kwa wiki, akasema habari za asubuhi, akazungumzia mvua, akaondoka. Tarehe 31 Mei 1983 alivaa tai chini ya koti la posta, akabisha, akauliza kwa adabu zote. Bi Edith akasema, "Jamani, Cliff, umechelewa! Nimempa Wilfred. Alikuja wiki mbili zilizopita kunitengenezea bomba la jikoni." Clifford akasema, "Lakini mwaka ulikuwa haujatimia," na Bi Edith akamjibu, "Sasa yeye aliuliza? Hakuuliza chochote, alitengeneza bomba akanywa chai, ndiyo maana nikampa." Na chama kilipolizungumza suala hilo, kilisema hakuna mila iliyovunjwa, kwani hakuuliza.

Hapo hapo mlangoni Bi Edith akamkabidhi Clifford kopo la biskuti, akisema, "Lilikuwa nyuma ya kabati, mpelekee kaka yako, mimi naona vikorokoro tu." Clifford alilifungua kwenye kona ya mtaa. Ndani yake mlikuwa na skrubu, utepe, ufunguo wa sanduku, na kipande cha shaba ukubwa wa kifungo cha koti, ambacho mtu mwingine angedhani kimetoka kwenye mguu wa meza, lakini Clifford, aliyesoma vitabu vyote, alikijua mara moja. Kinafanya nini, hatasema, usimkodolee macho hivyo, mwenyekiti wetu Bwana Duckworth, kiapo cha chama anakikumbuka. Itoshe kujua kwamba saa ikiwa nacho husimama unapotaka wewe, na ikiwa haina husimama inapotaka yenyewe. Clifford alikitia mfukoni, akafunga kopo, akalifikisha kwa kaka yake saa nane na dakika arobaini mchana akiwa amevaa sare ya posta. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, na aliiba kwa roho mbaya tupu, hakukitumia, hakukiuza, alitaka tu Wilfred awe na kitu kilichokufa.

Na alifurahi, ndugu waombolezaji, hatawaficha. Saa ilikaa juu ya kabati sebuleni kwa marehemu, nzuri, bubu, na kila alipokwenda kula pai Jumapili Clifford aliitazama na pai ikawa tamu zaidi. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi chamani aliuliza mbele ya watu, "Vipi, Wilf, ile saa yako bado imekufa?" Naye Wilfred alikuwa akijibu, "Imekufa kabisa, mdogo wangu, labda siku moja wewe uniangalizie." Kila mtu mezani alitazama glasi yake, na Clifford aliona wanamhurumia Wilfred. Aliishi kwa hilo miaka na miaka.

Oktoba 2019 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka, na madaktari wakagundua ana ugonjwa wa Parkinson. Februari 2020, chamani, karata zilimponyoka zikatawanyika sakafuni, yeye ambaye hakuwahi kudondosha hata moja, na Clifford, aliyeinama kuziokota, alisikia raha moyoni, na raha hiyo ilidumu mpaka alipofika nyumbani, alipovua koti na kukaa ngazini akalia. Tarehe 28 Oktoba mwaka huu marehemu alihamishiwa nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa siku za mwisho, na Clifford alikwenda kila siku kwa mabasi mawili, kile kifungo cha shaba kikiwa mfukoni, akijaribu kusema. Mara ya kwanza aliingia muuguzi. Mara ya pili Wilfred alikuwa amelala. Mara ya tatu, tarehe 12 Novemba, alianza, "Wilf, kuna kitu chako nilikichukua siku nyingi," na Wilfred akainua ule mkono unaotetemeka akasema, "Usieleze, Cliff. Kitu kizuri ukikieleza kinaharibika. Nipe chai bwana." Clifford alidhani ni homa inaongea. Marehemu aliaga dunia kwa nimonia Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na moja, Beryl na Gillian wakiwa wamemshika mikono, na Clifford akiwa kwenye basi la pili.

Juzi Jumatatu Clifford alikwenda kwa shemeji yake kuhakikisha tarehe za historia hii, na badala ya tarehe akakiweka kile kifungo juu ya meza ya jikoni, akasubiri kupigwa au kufukuzwa. Beryl alikigeuza kwa kidole. "Aa, kumbe ndicho hiki," akasema. "Ulikiweka wapi miaka yote hii?" Akaenda kwenye droo ya vijiko, akarudi na kingine, umbo lilelile, shaba ileile, ukubwa uleule. Kumbe wiki ileile ya mwaka 1983 Bi Edith alimwuliza Wilfred kama kile kipande cha shaba kimefika salama, na Wilfred akamjibu kimefika, mama, asante sana. "Angesema hakijafika ungefukuzwa posta, Cliff," Beryl akamwambia, "pengine ungefungwa." Kisha Wilfred akaingia bandani kwake siku nne na ile mashine ya kukerezea, akatoka na chake. Saa haikuwahi kufa. Kwa miaka arobaini marehemu aliibeba kwenye wodi za watoto, kwenye nyumba za wazee, kwenye shule, siku za wiki ambazo Clifford yuko kwenye zamu ya barua, na Clifford alipostaafu ikambidi marehemu atafute wodi za mbali zaidi.

Clifford akauliza, "Na chama walijua?" Beryl akacheka, na machozi yanamtoka, akasema, "Chama chote, Cliff. Umesahau kazi ya watu hawa ni nini?" Yaani ninyi hapo mbele, mistari miwili mizima, kila Alhamisi ya kwanza mlikuwa mnatazama glasi zenu msicheke. Hongereni. Ndipo Clifford akauliza kwa nini hakuambiwa, hata kwa kutukanwa, hata kwa ngumi, na Beryl akapangusa meza ambayo haikuwa chafu, akasema, "Nilimwuliza mara nyingi. Alisema, 'Mwachie Cliff hicho. Hana kingine alichowahi kunishinda.'"

Angepigwa kofi lingeuma kidogo. Mtu umemwonea kijicho maisha yako yote, umemwibia, na siku ya mwisho unagundua kwamba hata wizi wako ni zawadi aliyokupa. Beryl akaishusha saa, wakajaribu vifungo vyote viwili pale mezani, na kwa kile cha Joshua Tattersall, alichokificha Clifford kwenye soksi miaka arobaini na moja, mshale ulipita namba kidogo kila mara, na kwa kile alichokereza Wilfred ulisimama juu ya namba kabisa, mara zote sita. Hata hapo.

Basi, mbele yenu nyote, kifungo cha shaba cha mzee Tattersall, kilichoibwa na tarishi Clifford Ormerod tarehe 31 Mei 1983, kinarudishwa kwa mtoto wa marehemu. Gillian, njoo ukichukue. Usimkumbatie sasa, hajamaliza kusoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu tangu mwaka 2019, hasa yule muuguzi wa mchana aliyemwachia aendelee kuchomoa sarafu nyuma ya masikio ya wagonjwa hata zilipokuwa zinadondoka kitandani, inawashukuru majirani walioleta pai na supu mpaka jokofu likakataa kufungwa, walimu na mafundi wenzake wa karakana, mchungaji, na wanachama wa chama kwa kutunza siri, jambo ambalo Clifford anawashukuru kwa shingo upande. Mnajua mila, mwanamazingaombwe akifariki mwenyekiti huvunja fimbo yake juu ya jeneza ili ijulikane imekwisha nguvu, lakini marehemu ameacha maandishi kwamba yake ivunjwe na mdogo wake, na Bwana Duckworth, ambaye ameshavunja kumi na moja na alikuwa ameshavaa glovu nyeupe kwa ajili ya hii, amekubali kukaa, kwa hiyo leo angalau yupo mtu mmoja humu ndani anayemwonea Clifford wivu.

Mtu akiuliza kama Clifford wivu umemwisha, haujamwisha. Alikaa pale mbele akahesabu watu mpaka mlangoni, wengine wamesimama, akajiuliza kwake watakuja wangapi. Lakini tangu alipoanza kujua mambo, kila asubuhi alipofungua macho alijua anashindana na nani, alijua kwa nini anapiga pasi shati na kwa nini anapanda treni ya Blackpool na homa yake, na tangu Alhamisi ile ya kifo anaamka, anakaa ukingoni mwa kitanda, na hajui aanzie wapi. Pumzika salama, Wilf. Mdogo wako hana tena wa kumwonea wivu.